Magurudumu Mawili, Magurudumu Manne, na Mguu wa Mama

Mwaka ule nyumba yetu ya Migori iligawanyika vyama viwili. Chama cha magurudumu mawili kilikuwa na mwanachama mmoja, mume wangu. Chama cha magurudumu manne nacho kilikuwa na mwanachama mmoja, na ndiye anayeandika haya. Kampeni zilifanyika asubuhi kwenye chai na jioni kwenye ugali, na kila upande uliamini kwamba mwenzake hajui lolote kuhusu milima.

Nieleze tulichokuwa tunagombania, maana mtu akitusikia siku zile angedhani ni starehe.

Mama yangu anaishi juu kwenye vilima vinavyotazama ziwa nyuma ya Sindo, upande wa Homa Bay, pamoja na wifi yangu, mke wa kaka. Kaka mwenyewe anafanya kazi Mombasa na huja Krismasi. Mama ana ugonjwa wa sukari. Mwiba ulimchoma chini ya kidole kikubwa cha mguu wa kushoto naye hakuusikia, kwa sababu sukari huanza kwa kutia ganzi na kuua maumivu yote pamoja, mtu akabaki anatembea na jeraha kama anayetembea na viatu. Wifi alipokuja kuliona, lilikuwa limeshaanza kunuka. Muuguzi wa Sindo alilisafisha, akamfundisha wifi kulifunga kila siku, kisha akatoa sharti moja: kila Alhamisi mgonjwa ashuke alionyeshe. "Mkikosa wiki mbili," alituambia, "siku mtakayokuja hatutakuwa tunaongea habari ya kidole. Tutakuwa tunaongea habari ya mguu."

Basi mguu wa mama ulikuwa umetundikwa kwenye njia moja mbovu. Kutoka kwake hadi barabara ya murram ni mwendo wa kama saa moja kwa mguu mzima, na hiyo si njia, ni mahali ambapo ng'ombe na maji ya mvua walikubaliana kupita. Waendesha bodaboda hufika kwenye shule ya msingi iliyo chini, wanatazama juu, wanasema "Mungu awabariki," wanageuza. Wiki za kwanza wifi alimteremsha mama kwa wilibaro. Mama hakulalamikia maumivu. Alilalamika kwamba watu walimsalimia akiwa amekaa mahali pa mbolea. Wiki ya nne alikataa kuingia.

Utauliza kwa nini asihamie kwetu Migori hadi apone. Swali zuri, na mtu wa mbali angeliuliza. Mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake. Kwetu hilo halijadiliwi, kama vile hatujadili kama jua litoke. Alikaa kwa binamu yake mjini Sindo siku tatu, siku ya nne akapatikana kwenye njia ya kupanda, na fimbo, akidai ng'ombe wake wanakamuliwa vibaya.

Kwa hiyo ilibidi chombo kipande mlima. Ndipo vyama vilipoanza.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Ni mtu mpole, lakini ana ugonjwa wake pia, nao ni pikipiki. Mteja wake mmoja pale Migori alikuwa anauza skrambla, ile pikipiki ndefu nyembamba ya milimani, yenye matairi ya meno na tumbo lililoinuka mbali na mawe. Mume wangu aliizungumzia jinsi watu wengine wanavyozungumzia mtoto aliyefaulu mtihani.

"Nyepesi," alisema. "Ikianguka unaiinua mwenyewe. Inapita mahali mbuzi anapita. Na ikiharibika, kila fundi kutoka hapa mpaka Sindo anaijua cheni yake na plagi yake. Sasa wewe na hilo trakta lako mtoto, skrubu moja ikikatika utaipata wapi?"

Trakta mtoto ilikuwa kwadi, pikipiki ya magurudumu manne. Ilikuwa Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu, kwa bwana mmoja ambaye siku moja alipata bahati chini ya ardhi akanunua kwadi kabla hajanunua mabati. Aliiendesha kuzunguka mashimo majuma machache, sifa zikaisha, akaifunika kwa turubai. Tulipokwenda kuitazama, alifunua na kuku akatoka kwenye kiti, amekasirika, akaacha mayai mawili.

"Unaona?" nilimwambia mume wangu. "Hata kuku ameona ni imara."

"Kuku hutaga mahali pasipotembea," alijibu.

Ilikuwa ya aina ya shambani, kiti kirefu cha watu wawili, keria ya chuma mbele na nyuma. Hoja yangu ilikuwa moja na niliiona haina jibu: kitu chenye miguu minne hakianguki. Ng'ombe haanguki. Meza haianguki. Mwenye miguu miwili ndiye anayeanguka, na ushahidi ni sisi wenyewe.

Huyo mume wangu, ambaye darasani angekuwa mwanafunzi anayeinua mkono kabla swali halijaisha, alinieleza siku hiyo jambo ambalo sikulitaka lakini lilikuwa kweli, nami nalipitisha kwako kama unafikiria kununua moja ya hivi vyombo. Pikipiki ya magurudumu mawili hukanyaga mstari mmoja tu. Ardhi ikiinama upande, pikipiki yenyewe inaweza kubaki wima, kama mtu anayetembea kwenye ukingo wa bonde. Kwadi hukanyaga mistari miwili, kwa hiyo ardhi ikilala nayo inalala. Kwenye tambarare hakuna kinachoishinda kwa utulivu. Kwenye mteremko wa pembeni, usipojua kuhamisha uzito wako kuelekea juu ya mlima, inakubingirisha, na hiyo siyo kitu cha kuinua mwenyewe.

"Kwa hiyo meza yako," alimalizia, "iweke kwenye paa uone."

Nilinyamaza siku mbili. Yeye akachukua kimya changu kuwa kura.

Aliichukua skrambla kwa makubaliano ya kuijaribu. Kwa vile haikuwa na mahali pa abiria, alifunga karakana mchana mmoja akairefushia kiti na kuichomelea vikanyagio viwili vya nyuma. Alinikalisha pale kama kipimo, akanisogeza mbele, akanirudisha, akaniambia nishike kiuno chake niseme kama ninajisikia salama. Nilijisikia salama sana. Tulizunguka mtaa mara tatu. Nakiri kwamba kwa dakika chache nilikihama chama changu.

Sasa angalia kosa letu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, miaka ishirini na kitu nikisahihisha makosa ya wengine. Yeye ni fundi anayepima mara mbili kabla ya kukata. Sote wawili ni watu wa hapa hapa, tumelelewa hapa. Na sote wawili tulifunga safari kupitia Karungu mpaka Sindo, yeye juu ya skrambla na mimi kwa gari la abiria, bila mmoja wetu kuona tulichokuwa tumekitengeneza.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Majirani walishasikia, wakaja kujipanga kando ya njia na kwenye ua wa mama. Mume wangu alianzia shuleni. Tulimsikia kabla ya kumwona, kisha akatokea kwenye kona ya chini, amesimama juu ya vikanyagio, magoti yamekunjwa, macho yakitazama mbali mbele, maana siri ya pikipiki ile ni kutazama unakokwenda na siyo jiwe unaloliogopa. Mawe yalimkuta na akayapita. Pale mahali ambapo wilibaro ilikuwa ikihitaji watu wawili, yeye aliruka kidogo, tena mruko usio na lazima, nami nilijua ulikuwa wa watazamaji. Aliingia uani na vumbi lake. Watu walipiga makofi. Bibi mmoja alipiga kigelegele.

Mama alitoka ndani na fimbo yake. Alisimama umbali wa heshima kutoka kwa mkwe wake, kama hatua kumi, akaitazama pikipiki kutoka taa ya mbele mpaka tairi la nyuma.

"Nyathina," aliniita, mtoto wangu, "hebu mwulize mkwe wangu. Mimi nitakaa wapi?"

Mama na mume wangu husikiana vizuri kabisa, lakini kwa adabu huongea kupitia kwangu. Nikageuka na kinywa wazi, tayari kuuliza. Na mume wangu, mwenye furaha bado, alishakipiga kwa kiganja kile kiti alichokirefusha, palepale nyuma ya mgongo wake.

Mkono wake ulibaki pale kwenye kiti. Nikaona kwenye uso wake picha ikijichora polepole: mama mkwe wake nyuma yake, magoti huku na huku, mikono kiunoni, akimshika kama nilivyomshika mimi pale mtaani. Mtu ambaye hata mkono hampi. Mkono wake uliondoka kwenye kiti kama uliochomwa. Majirani, watu wema, ghafla wote walipata kitu cha kutazama ziwani. Wifi aliondoka kwa haraka akaenda nyuma ya jikoni, na kutoka huko tukasikia sauti kama ya mtu anayekabwa.

"Mwambie," mama alisema taratibu, akitazama mawingu, "imepakwa rangi nzuri."

Kwa miaka sasa, mume wangu akitaka kuninyamazisha hushindwa, kwa sababu mimi humwambia tu, "Imepakwa rangi nzuri."

Chai ilinywewa kwa namna yetu, wanaume upande mmoja na mama ndani. Mume wangu hakukata tamaa, hilo nampa. Alitoa pendekezo la pili kupitia dirishani, akizungumza na mimi kwa sauti ya kutosha nyumba nzima: ataichukua kwadi ya Osiri, atachomelea kitoroli kidogo cha kuvutwa nyuma, mama atakaa humo peke yake, mbali naye kabisa, kama malkia.

Mama alikunywa chai yake mpaka nusu. "Nyathina, kitoroli na wilibaro vina tofauti gani?"

"Kitoroli kina magurudumu mawili, Mama."

"Aa. Basi nimepandishwa cheo."

Hapo nilikaa chini karibu na mguu wake. Wifi alikuwa ameshaufungua kuubadilishia kitambaa. Nilikuwa sijauona kwa wiki mbili. Rangi kando ya jeraha haikuwa nzuri, na muuguzi alikuwa hajauona kwa wiki moja na siku mbili. Mzaha ulinitoka. Nikamwambia mama, kama ninavyomwambia mtoto anayejua jibu lakini anaogopa kulisema, aseme yeye anataka nini. Na nilipokuwa nasema hivyo niligundua kwamba siku zote zile za kampeni hatukuwahi kumuuliza mwenye mguu.

"Nataka kupanda mwenyewe," alisema. "Sitaki kuinuliwa. Nimeinuliwa kwenye wilibaro kama ndama. Mnipe kitu ambacho nikikaa pale kwenye jiwe langu la mlangoni, nanyanyuka, nageuka, nakaa. Basi. Na anayeendesha awe mtu ninayeweza kumshika."

"Nani, Mama?"

Alinitazama kwa huruma, kama nilivyozoea kuwatazama watoto wa darasa la tatu. "Mko wanawake wawili humu ndani mnaniuliza nani?"

Wifi na mimi tulitazamana. Wifi aliwahi kuendesha baiskeli. Mimi sikuwahi kuendesha chochote isipokuwa darasa.

Basi hesabu yote ilibadilika. Skrambla ni ndefu. Kiti chake kilinifika kiunoni, na mtu mwenye jeraha angehitaji kurusha mguu juu kama mchezaji mpira. Tena ina klachi na gia, na mwanafunzi wa klachi huzima injini mara ishirini kabla hajaelewa, jambo lisilofaa katikati ya mlima ukiwa na mama mgongoni. Kiti cha kwadi kiko chini, haina klachi, na mafuta unayasukuma kwa kidole gumba. Chama changu kilishinda, ingawa si kwa hoja yangu, na sikuwa na nguvu za kusherehekea kwa sababu mshindi sasa alitakiwa kuendesha.

Mume wangu alikubali kushindwa kwa njia ya mafundi: alitoa tepu. Alitaka kuchomelea kiegemeo nyuma ya kiti na ubao wenye sponji wa kulaza mguu mbovu usigongwe na mawe. Lakini vilihitajika vipimo, na vipimo vilikuwa vya mwili wa mama mkwe wake. Akatoka nje ya ua kabisa, akasimama nyuma ya michongoma na daftari lake, akawa anapaza sauti.

"Mwalimu! Kutoka kisigino hadi goti!"

Nikapima, nikapaza jibu.

"Upana wa... wa mtu akiwa ameketi!"

Wifi alianguka kwenye mkeka.

"Mwambie upana wa kawaida," mama alisema, bila kucheka hata kidogo.

"Anasema wa kawaida!"

Kalamu ilikwaruza nyuma ya michongoma. "Na kutoka goti kwenda... kwenda huko kwingine?"

"Kwingine wapi?" wifi alimrushia, machozi yakimtoka. "Shemeji, taja mahali!"

Hakutaja. Mpaka leo hajataja; kipimo hicho alikikadiria kwa macho kutoka kwangu, na bahati nzuri mimi na mama ni watu wa umbo moja.

Kwadi ilikuja Jumanne kwa pikapu mpaka shuleni. Siku hiyo hiyo majirani, wakiongozwa na wifi ambaye akitaka kitu hasubiri, walikuja na sururu na majembe. Kuna mahali mawe mawili makubwa yanaacha uwazi wa ng'ombe mmoja, na kwadi ni pana kuliko ng'ombe. Walichimba njia ya kupita kando. Kuna mahali pengine njia ilikuwa imelala upande wa ziwa. Walikata upande wa juu wakajaza wa chini mpaka ikanyooka kiasi. Skrambla isingehitaji hata jembe moja, na mume wangu alilitaja jambo hilo mara mbili, akichimba.

Nilijifunza kwenye uwanja wa shule. Kama wewe pia unaanza, na umri wako umeshapita ule wa kujifanya hodari, nikutie moyo: mwili hujifunza, ila mwache usahau kwanza. Mimi mwili wangu ulikumbuka baiskeli nilizoona watu wakiendesha. Kwadi ilipoinama kidogo kwenye shimo, niliteremsha mguu ardhini kujizuia. Usifanye hivyo kamwe. Baiskeli unaizuia kwa mguu. Kwadi ina gurudumu la nyuma linalokuja nyuma ya mguu wako, nalo halijui kwamba ni mguu. Lilinipanda kisigino, likaninyang'anya kiatu, likapita.

Mume wangu alikuja mbio. Alipoona nina vidole vyote, alikaa chini kwenye nyasi.

"Mwalimu," alisema, "sisi tunajaribu kuokoa mguu mmoja. Usituongezee."

Alinifundisha siku mbili. Miguu ibaki kwenye vikanyagio vyake, hata dunia ikiisha. Kupanda, unaegemea mbele. Kushuka, unarudi nyuma na kuacha injini ishike yenyewe. Kwenye kona, uzito ndani ya kona. Kwenye mteremko wa pembeni, uzito juu. Ni mwalimu mzuri kuliko nilivyotarajia. Hakupaza sauti ila siku nilipoelekea choo cha shule.

Mama nilimfundisha mwenyewe, kwa sababu abiria wa kwadi naye anaendesha nusu. Alikaa nyuma yangu kwenye kivuli cha jikoni, injini imezimwa, nikamweleza kwamba akihisi ardhi inakwenda ziwani, yeye aende mlimani.

"Nimebeba mtungi kwenye njia hii tangu nikiwa msichana," alisema. "Wewe angalia mbele."

Alhamisi ilifika. Wiki mbili zilikuwa zinatimia siku ile ile, hakuna siku ya akiba. Mama alivaa gauni lake la kanisani na helmeti. Niliisogeza kwadi karibu na jiwe la mlangoni. Alinyanyuka kwa fimbo, akageuka, akakaa. Mguu wake ukalala kwenye sponji. Akampa wifi fimbo, akanishika kiuno kwa nguvu ambazo hakuna mgonjwa anapaswa kuwa nazo.

Mume wangu alitangulia na skrambla kutuangalizia njia. Alisema ni kwa usalama. Labda. Lakini nilimwona akisimama juu ya vikanyagio na kuruka pale pale aliporuka Jumamosi.

"Nyathina," sauti ya mama ilikuja kwenye helmeti yangu, "mwambie mkwe wangu asirukeruke. Anatisha mbuzi wa watu."

"Mama anasema usiruke!" nilipaza.

"Mwambie hiyo ni mbinu!"

"Anasema ni mbinu!"

"Mwambie mbuzi hawajui."

Hivyo ndivyo tulivyoshuka, nikiwa mkalimani na dereva pamoja. Nilipofika kwenye ile njia iliyolala, mikono yangu ilikuwa na jasho mpaka kidole gumba kikateleza kwenye kile kidude cha mafuta. Kwadi ikasita, ikaanza kuinama kuelekea ziwani. Nilikuwa nimesahau kila kitu isipokuwa miguu. Kabla sijafikiri, nikahisi uzito nyuma yangu ukihama wote kwenda juu ya mlima, taratibu, bila kushtuka, kama mtu anayesogea kwenye benchi kumpisha mwenzake. Nikamfuata. Magurudumu ya juu yakashika ardhi tena. Nikasukuma mafuta, tukapita.

Mama aliniminya ubavu mara moja, nami nikamwacha aamini kwamba sikuwa nalia.

Muuguzi wa Sindo aliufungua mguu bila kuharakisha. Mume wangu alibaki nje na pikipiki zake. Muuguzi alinusa, akabonyeza kando, akakata kipande kidogo cheusi, akabonyeza tena mpaka ikatoka damu nyekundu safi. Akainua uso.

"Mmechelewa wiki moja," alisema. "Kucha hii siwaahidi. Kidole nadhani kinabaki. Mguu unabaki. Ila Alhamisi ijayo, na ile nyingine, na ile nyingine. Mmesikia?"

"Umemsikia," mama aliniambia, kana kwamba mimi ndiye mwenye jeraha.

Nilimwendesha Alhamisi zote za Agosti. Siku ya shule kufunguliwa ilipokaribia, nilimfundisha wifi, mchana kutwa pale uwanjani, na alijifunza kwa nusu ya muda wangu na kumdhihaki shemeji yake kwa muda wote. Skrambla ilirudi kwa mwenyewe Migori, vikanyagio vya abiria vikiwa bado vimechomelewa. Mume wangu alimwambia ni zawadi. Kwadi ilibaki mlimani. Ni kweli skrubu zake ni shida. Ilikatika moja mwezi wa Septemba, na fundi wangu alilazimika kuchonga nyingine mwenyewe, akiimba jina langu kwa kila pigo la tupa.

Alhamisi moja mwezi wa Novemba, nikiwa kwenye chumba cha walimu saa nne, wifi alinipigia simu kutoka hospitalini. Kulikuwa na kelele nyuma yake. Jeraha limefunga, alisema. Limefunga kabisa, muuguzi amebonyeza kila mahali, ngozi imekutana. Kucha ilikwenda, kidole kipo. Muuguzi amesema sasa mama aje mara moja kwa mwezi tu kupimwa sukari.

Nilikaa chini kwenye kiti cha mwalimu mkuu, ambacho hakikaliwi, na hakuna aliyeniondoa.

"Na hiyo kelele ni ya nini?" niliuliza.

"Ni mama. Amekasirika. Anasema kwa mwezi mara moja ni kumfungia nyumbani, yeye ameshazoea Alhamisi. Anamuuliza muuguzi nani amelalamika."

Nikasikia simu ikinyang'anywa.

"Nyathina," mama alisema, "wewe ni mwalimu, unajua kuongea na hawa watu. Hebu mweleze vizuri huyu msichana kwamba mguu wangu bado unahitaji kuangaliwa."